Ufunguo Uko Kotini

Bhoke hupima chuma kwa vidole. Akiokota kipande njiani hukipinda kidogo, kisha hukiachia. Kikirudi kilivyokuwa, kinaingia mfukoni. Kikibaki kimepinda, anakitupa na kukiita mheshimiwa, kwa sababu kinakubaliana na kila mkono unaokishika. Chuma chake bora hakitoki dukani. Kinatoka ndani ya waipa za magari yaliyokufia nyuma ya gereji za Migori mjini, ule utepe mwembamba unaokaa ndani ya mpira, ambao umepigwa na mvua miaka kumi na bado una msimamo. Huutoa, huukata, huuchoma ncha kwenye jiko la mkaa, huupinda, huuzima majini, huusugua juu ya jiwe mpaka ung'ae, kisha huurudisha motoni kidogo. Mwishowe anapata kijiti cha chuma chenye ncha iliyoinama kama mtu anayechungulia. Hicho ndicho cha kuchokonoa. Kingine, kinene kidogo, ni cha kuzungusha. Kwa hivyo viwili, kufuli lililopotelewa na ufunguo wake hukumbuka kwamba lilizaliwa kufunguka.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la Abdikarim, mfanyabiashara aliyetoka Isiolo zamani akiwa na begi moja na sasa anauzia nusu ya mji misumari. Abdikarim anauza makufuli. Bhoke anayafungua. Wateja huyaona mambo haya kuwa njama, na Abdikarim hakatai.

"Mimi nauza ugonjwa," huwaambia. "Dawa iko hapo nje, imekaa kwa stuli."

Bhoke ana sharti moja tu. Hafungui mlango bila jirani. Mtu akija mbio akisema amejifungia nje, Bhoke humtuma kwanza amlete jirani, asimame pale, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu ni wa hapa. Bwana mmoja wa Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, alikuja siku moja kumchukua akafungue sanduku la chuma ambalo eti ni la babake. Alipoulizwa jirani, alikumbuka kwamba ameacha chai motoni. Chai hiyo inachemka mpaka leo.

Ufundi wenyewe aliuanza akiwa msichana wa miaka kumi na tatu huko Kehancha. Babake, Mwikwabe, alikuwa mkulima wa tumbaku, na ghala lake la tumbaku lilikuwa na kufuli. Kila siku ya soko Mwikwabe alikwenda na ufunguo na kurudi bila ufunguo, akiimba. Asubuhi alivunja kufuli kwa shoka na kununua jingine. Mamake Bhoke alilia makufuli kuliko watu wanavyolia ng'ombe. Basi asubuhi moja kabla shoka halijaamka, Bhoke aliung'oa ubavu wa mwavuli mbovu wa mamake, akausugua juu ya jiwe, akachokonoa. Ilimchukua muda wa kukamua ng'ombe wawili. Kufuli likaruka. Babake alilitazama lile kufuli zima, akamtazama binti yake, kisha akamwambia neno la shukrani alilokuwa nalo: "Usimwambie mtu."

Na hakumwambia mtu, isipokuwa mji mzima wa Migori. Waliobaki bila kujua walikuwa watu wa aina moja tu, nao ni wakwe zake.

Aliolewa na Isdori, fundi wa redio na simu, mtoto wa kwanza wa Mzee Obuya wa Sindo. Boma la Mzee Obuya liko juu kidogo ya ziwa, mahali ambapo harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, hufika kabla ya mgeni. Mzee huyo alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa wa kufunga. Alifunga nyumba, alifunga ghala, alifunga banda la kuku, alifunga choo. Sukari ilikaa kabatini chini ya kufuli, na redio ya mkewe ikaja kuifuata humo baada ya mke huyo, Mama Mellen, kuanza kusikiliza matangazo ya vifo kwa sauti ya kuwaamsha hao hao waliotangazwa. Funguo zote zilikaa mahali pamoja: mfuko wa ndani wa koti lake la kahawia. Ukifunga mlango, unarudisha ufunguo kotini. Mke alijua hivyo, watoto walijua hivyo.

Siku Bhoke alipoletwa pale kama bibi harusi, mazungumzo ya mezani yalifika kwenye wezi, kama yalivyofika kila jioni. Mzee Obuya alimeza tonge, akasema, "Mtu anayejua kufungua bila ufunguo ni mwizi ambaye bado hajapata nafasi." Isdori alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Baadaye alimwambia, "Bhoke, hapa wewe unauza makufuli. Kufungua tuachie Migori."

Miaka kumi na tisa akawa anauza makufuli. Binti yao Peris, ambaye sasa yuko kidato cha pili, alifundishwa kusema "mama anauza makufuli" kabla hajafundishwa sala. Kwa wakwe Bhoke alikuwa nyar Kuria, binti wa Kuria, mke mpole asiyeuliza maswali. Walimpa kiti kizuri na nyama ya kutosha. Hakutaka zaidi. Alichoogopa ni kitu kimoja tu: siku boma lile litakapomwita mwizi, na Peris awe anasikia.

Mzee Obuya alifariki mwezi wa nne, kwa amani, akiwa amevaa kofia. Baada ya wiki mbili za mikutano ya ukoo na kundi la WhatsApp lenye maombi mengi na michango michache, siku ya kumleta nyumbani ikapangwa kuwa Ijumaa. Azikwe Jumamosi. Ijumaa alfajiri Mama Mellen alichukua koti la kahawia ukutani, suruali yake na shati jeupe. Akatoka, akafunga mlango wa chuma, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa akisema matanga ni soko la wezi. Akabandika kufuli kubwa. Kisha mkono wake, ambao umefanya jambo hilo hilo kwa miaka arobaini na mitatu bila kumwuliza mwenyewe, ukarudisha ufunguo kotini. Koti likaingia kwenye mfuko. Mfuko ukaingia garini kwenda mochari Homa Bay.

Saa kumi na nusu jioni gari la maiti liliingia bomani. Vilio vilipanda, mahema yakatikisika, wanaume sita wakabeba jeneza mpaka mlangoni. Hapo wakasimama.

Mzee Zablon, mdogo wa marehemu na sasa mkubwa wa ukoo, aligonga lile kufuli kwa bakora. "Ufunguo iko wapi?"

"Kotini," alisema Mama Mellen.

"Koti iko wapi?"

Mama Mellen alijipapasa kifuani, akapapasa mkoba. Kisha akanyanyua kidevu kuelekea jeneza. "Amevaa."

Wale wanaume sita walilitua jeneza juu ya viti viwili, polepole, kama watu wanaoweka chini habari mbaya.

"Na zile funguo za akiba?" aliuliza Isdori.

"Kwa kabati."

"Kabati ya wapi?"

"Isdori, kuna kabati ngapi hapa? Ya ndani."

Ungedhani jambo ni rahisi: fungua jeneza, toa ufunguo, funga. Lakini kwa ukoo ule jeneza likishafungwa mochari halifunguliwi tena mpaka marehemu awe ndani ya nyumba yake, chini ya paa lake. Kumfungua uani ni kumwambia hana kwake. Basi vunja mlango. Mlango nao hauvunjwi mwenye boma akiwa ameusimamia. Yeye alikuwa amelala, ila wazee walihesabu kwamba amesimama. Na jua lisizame akiwa nje, maana huyo atazunguka nje milele, na Mzee Obuya hakupenda kutembea hata alipokuwa na miguu. Kwa hiyo jeneza lilihitaji nyumba ifunguliwe, nyumba ilihitaji jeneza lifunguliwe, na jua lilikuwa likishuka ziwani bila kujali lolote kati ya hayo mawili.

Mpwa mmoja alisema ana grenda kwa boda yake, akate kufuli dakika mbili. Mzee Zablon alimwuliza kama anataka cheche za moto ziwe ndizo zinamkaribisha marehemu nyumbani.

"Basi tutoe mabati mbili, tumteremshe."

"Kwani ndugu yangu ni paka?"

Walizunguka nyumba. Madirisha yalikuwa na nondo nene. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa komeo la ndani, na juu ya komeo, kwa jinsi Isdori alivyomjua babake, kulikuwa na kufuli. Marehemu alikuwa ameishinda familia yake kabisa, akiwa hata hayupo.

Minong'ono ilianza kwenye hema la wanawake. Shemeji mmoja alisema, kwa ile sauti ya chini inayofika mbali, kwamba kuna mke anayesahau ufunguo na kuna mke anayemfungia mume nje. Mama Mellen alisikia. Alijiketisha chini, mgongo kwenye mlango wa chuma, miguu imenyooka, akasema bila kulia, "Ni kweli. Nimemfungia nje."

Bhoke alikuwa amekaa mstari wa nyuma, kanga kichwani, mikono ameikalia. Alilichagua lile kufuli yeye mwenyewe, miaka sita iliyopita, Mzee Obuya alipokwenda Migori kutafuta kubwa kuliko yote. Pini tano, vile vijiti vya ndani ambavyo ufunguo huvinyanyua, shaba imara, na kwa ndani uvivu kidogo. Alilijua. Angelifungua kwa muda wa kunywa chai. Na baada ya hapo watu mia tatu wa ukoo wa mumewe wangejua kwamba mke wa Isdori ni yule mwizi ambaye bado hajapata nafasi, na leo ameipata, mbele ya mwili wa aliyesema hivyo.

Alisimama.

"Mama Peris," Isdori alimnong'oneza. "Keti."

"Nimeketi miaka kumi na tisa."

"Vifaa safari hii viko Migori."

"Hapa kuna vyuma." Alikuwa ameshaanza kutembea.

Alipiga magoti mbele ya Mzee Zablon, kama inavyompasa mke wa mtoto wa ndugu yake, akainamisha kichwa. "Baba, ninaweza kuufungua. Bila kuvunja."

"Na ufunguo gani?"

"Nitatengeneza kitu."

Mzee Zablon alimtazama mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemsikia akisema "ndiyo" na "asante". "Nyar Kuria, wewe si unauza kufuli?"

"Nauza. Na zikikataa, nazisemesha."

Mtu mmoja alikohoa hemani.

"Kwanza niambie, baba," alisema Bhoke, kwa sababu hata siku ile hakuweza kuivunja sheria yake. "Mimi sifungui bila wa kunishuhudia. Hii nyumba ni ya nani?"

Mzee Zablon alionyesha jeneza kwa bakora. "Mwenyewe ndiye huyo. Muulize. Akikataa mimi nitakubali kwa niaba yake."

Dereva wa gari la maiti alikuwa Mkisii mmoja anayeitwa Nyangau, aliyetaka kufika Homa Bay kabla ya mvua. Alikuwa akiangalia wingu jeusi juu ya ziwa alipomwona mwanamke akiinua waipa yake.

"Mama, hiyo ni waipa."

"Ndiyo maana nimeishika."

"Mvua inakuja, na wewe unaning'olea waipa?"

"Ya kushoto tu. Na sing'oi, natoa ule utepe wa ndani. Upande wa kushoto ni wa abiria, na abiria wako hawaangalii barabara."

Vijana wa boda walicheka, wakakumbuka walipo, wakaacha. Nyangau alimtazama Mzee Zablon kutafuta haki, akakuta bakora. Alimfungulia waipa yeye mwenyewe.

Cha kuzungusha alikipata kwenye mwavuli. Chini ya hema la wageni kulikuwa na mwavuli uliovunjika, wa kampeni, wenye sura ya mheshimiwa mmoja akitabasamu kwenye kila pembe. Bhoke aliung'oa ubavu, akaupinda, akauachia. Ulibaki umepinda.

"Nilijua," alisema. Lakini kwa kazi ya kuzungusha chuma laini kinatosha, kwa sababu kazi yenyewe ni kuegemea tu na kungoja wengine wafanye.

Mpwa wa grenda alileta koleo na tupa kutoka kwenye boda yake, akataka kujua kama hiyo ndiyo njia ya kufungua pia pikipiki. Bhoke alimwambia anyamaze. Alikwenda mpaka kwenye mafiga ambapo wanawake walikuwa wakipika nyama ya wageni, akasukuma kuni, akaingiza ncha ya utepe ndani ya makaa. Wapishi walisogea. Chuma kilipokuwa chekundu alikibana kwa koleo, akaiinamisha ncha, akaitumbukiza kwenye maji yaliyooshewa mchele. Ikalia kidogo. Kisha akapiga magoti kwenye lile jiwe la kunolea mapanga, karibu na zizi, akasugua. Pande mbili, ncha, mgongo. Sauti ile ya chuma na jiwe ilisikika boma zima, kwani hakuna mtu aliyekuwa akilia tena. Hata waliokodiwa kulia walikuwa wakiangalia.

Jua lilikuwa limebakisha upana wa vidole vitatu juu ya ziwa.

Mama Mellen aliondolewa mlangoni, akashikwa mikono na mabinti zake wawili. Bhoke alichuchumaa. Aliingiza ubavu wa mheshimiwa chini ya tundu, akauegemeza kidogo. Akaingiza ulimi wa waipa juu. Pini ya kwanza ikasogea. Ya pili. Watu mia tatu walikuwa wakimpumulia shingoni, na mkono wake, ambao haukuwahi kukosea mbele ya mlango wowote wa Migori, ulikumbuka kwamba uko ukweni. Ukaharakisha. Ncha ikakatika.

Kila mtu alisikia. Ilikuwa sauti ndogo sana.

"Imekuwaje?" aliuliza Mzee Zablon.

"Imevunjika, baba."

"Imevunjika wapi?"

"Ndani."

Kutoka kwenye hema, yule shemeji wa sauti ya chini alisema kwamba sasa hata malaika hafungui. Bhoke hakugeuka. Kosa alilijua: alikuwa amekizima chuma kikiwa kikali mno, hakukirudisha motoni kidogo kupoza hasira yake. Chuma kikiwa na hasira huvunjika. Hilo alimwambia kila mtu aliyewahi kukaa kwenye stuli yake, na leo amelisahau kwa ajili ya kutazamwa. Aliligeuza kufuli likatazama chini, akaomba kiatu. Isdori alivua chake, cha kulia, kile kipya cha mazishi. Bhoke akaligonga kufuli kwa kisigino, polepole, mara saba, mara nane. Mara ya kumi na moja kipande kidogo kama ukucha wa kuku kilianguka vumbini.

Isdori alikaa chini palepale, soksi moja nje.

Utepe ulikuwa bado na urefu wa kutosha. Bhoke alirudi kwenye makaa, na safari hii hakumwangalia mtu. Alichoma, akapinda, akazima, akasugua, kisha akakirudisha juu ya moto kwa mbali mpaka kikapata rangi ya majani makavu ya tumbaku, rangi aliyoijua kabla ya kujua kusoma. Akakiacha kipoe chenyewe. Mtu alisema jua. Akasema nimeliona.

Aliporudi mlangoni alifumba macho. Moja. Mbili. Ya tatu ilikuwa ngumu, akaiacha, akaenda ya nne, akairudia. Ya tano aliisikia kwenye kidole kabla ya sikio. Ubavu wa mheshimiwa ukazunguka. Kufuli likaruka na kugonga mlango wa chuma, na mlango ule ukalia boma zima kama kengele ya shule.

Wale sita walinyanyua jeneza bila kuambiwa. Mzee Obuya aliingia nyumbani kwake kwa mlango wake, kichwa mbele, mlango mzima, kufuli zima, na jua likiwa bado na ukucha mmoja nje ya maji. Vilio vilirudi kwa nguvu mpya, kama vya watu walioruhusiwa. Mzee Zablon alivua kofia, akapangusa paji la uso, akasema, "Ahsante," bila kufafanua anamwambia nani.

Bhoke alibaki nje. Alivikunja vile vyuma viwili kwenye pindo la kanga, akasimama karibu na zizi kungoja jina lake jipya. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakianguka. Peris alikuja akasimama kando yake, akamshika kiwiko.

Alikuja mmoja wa mabinti wa Mama Mellen. "Mama anakuita. Nyuma ya jikoni. Uje na hizo vitu."

Mama Mellen alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alinyoosha mkono. Bhoke alipiga magoti akaviweka vile vyuma kwenye kiganja chake. Mama Mellen aliviinua kwenye mwanga, akavigeuza, akavinusa.

"Zile zingine. Zile unafunganga kwa kitambaa chekundu, unaweka chini ya mto ukija hapa. Ni kama hizi?"

Bhoke alihisi goti lake moja likizama kwenye matope. "Ni kama hizi, mama."

"Na ile Krismasi ulitoka usiku, ukarudi asubuhi na matope kwa miguu?"

"Nesi wa zahanati alikuwa amejifungia nje, mama, na mtoto yuko ndani. Isdori alipigiwa simu."

"Na ile Pasaka?"

"Mwalimu mkuu. Ofisi."

"Ulikuwa unafungua mlango."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Sijawahi kuiba hata kijiko."

Mabega ya Mama Mellen yakaanza kutikisika, na Bhoke akadhani analia, akainama zaidi. Lakini mjane yule alikuwa akicheka, kicheko cha kimya cha mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Kuiba," alisema. "Nani amesema kuiba. Nyar Kuria, mimi nilijua wewe ni jajuok. Nilijua unakimbia usiku."

Kwa walioko mbali na ziwa: jajuok ni mchawi wa usiku, anayevua nguo na kukimbia kwenye maboma ya watu akirusha mawe juu ya mabati. Hupewa heshima kubwa, kwa sababu hakuna anayetaka kumwudhi.

"Mimi, mama?"

"Unatoka usiku. Unaficha vyuma kwa kitambaa. Huongei. Nifikirie nini, umeenda kwaya?" Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Miaka kumi na tisa kila ukija nachoma nywele zangu zote za kitana, usije ukaniroga nazo. Nakupa kiti kizuri. Nakupa paja la kuku. Unafikiri ni mapenzi?"

"Nilifikiri."

"Ilikuwa woga, mtoto wangu. Na hii kufuli kubwa mzee alinunua ya nini? Ni ya kukufungia wewe."

Bhoke alifungua kinywa kumwambia ni nani aliyemchagulia mzee lile kufuli, akaona si lazima. Akagundua anacheka pia, magoti kwenye matope, na Peris aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ukuta akaanza kucheka bila kujua ni nini. Mwizi lilikuwa jina aliloliogopa nusu ya maisha yake. Kumbe boma lilikuwa limempa kubwa zaidi bila kumwambia, na leo ameshushwa cheo na kila mtu amefurahi, yeye wa kwanza.

"Fundi tu," Mama Mellen alikuwa akirudia, akitikisa kichwa. "Fundi wa milango. Mungu ni mwema. Zablon," aliita kwa sauti iliyovuka uani, "njoo usikie, huyu si kitu, ni fundi."

Mzee Zablon alijibu kutoka mlangoni kwamba alishaona. Kisha akasema jeneza limefunguliwa, ndugu yake yuko vizuri, hata kofia haikuhama, na funguo zote zimeonekana kotini pale pale, hata ule wa kabati. Je, azitoe?

Mama Mellen aliinuka juu ya kinu, akamshika Bhoke bega kujiegemeza. Walivuka ua pamoja kwenye mvua. Ndani, mume wake alikuwa amelala katikati ya chumba, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, na kwenye ukuta kulikuwa na kabati dogo lenye kufuli lake. Mama Mellen alimtazama mumewe, akatazama kabati.

"Acha aende nazo," alimwambia Zablon. "Sisi tuko na mtu."

Kisha akamsukumia Bhoke stuli mbele ya kabati, akashika tochi mwenyewe, akainama kuona vizuri.

"Anza polepole," alisema. "Redio yangu iko humo."